Mama Générose na Picha za Saa Nane

Baada ya miaka thelathini na mitano katika chumba cha radiolojia cha hospitali yetu hapa Kalemie, Mama Générose Kalunga anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 2025. Tarehe hiyo ni sikukuu ya Uhuru. Wanaomjua wanasema aliichagua makusudi, ili asikose hata siku moja ya kazi.

Alizaliwa Kirungu, kule juu Marungu, katika familia ya wakulima. Aliteremka mjini na cheti cha ufundi wa radiolojia pamoja na sweta zito, ambalo joto la Kalemie halikumpa nafasi ya kulivaa. Alianza kazi mwaka 1990, enzi za filamu, akiosha picha katika chumba cha giza kwa kupapasa tu. Kompyuta zilipokuja wengi tulidhani ataomba kuhamishwa. Alijifunza kwa wiki tatu, na droo ya filamu akaigeuza ghala la mikebuka mikavu, wale samaki wa ziwa letu. Hakuna aliyeruhusiwa kula mle chumbani isipokuwa yeye, na hakuna aliyethubutu kuuliza kwa nini.

Ukali wake haukubagua. Aliwahi kumvua mganga mkuu mkanda, saa na kalamu mbili kabla ya kumpiga picha ya kifua, foleni nzima ikitazama. Mganga mkuu alitii kama sisi wote.

Lakini hadithi ninayotaka kuisimulia ni ya wanafunzi wake. Kwa miaka kadhaa sasa tumekuwa tukipokea watafiti wa shahada ya uzamivu kutoka Lubumbashi, wanaosomea sayansi na teknolojia ya picha za kitabibu. Wote watatu waliopita hapa walianzia kwa Mama Générose, na mwezi wao wa kwanza hawakugusa kompyuta. Waliwapanga wagonjwa mbele ya mashine, kisha wakaandika kwa mkono katika daftari lake: jina, saa, hali ya umeme. Walinung'unika sana, wasomi hao wenye shahada mbilimbili.

Wa pili kati yao alikuwa Pontien, mzaliwa wa Kiambi. Alikuwa anatengeneza programu ya kusoma picha za kifua na kusema nani ana dalili za kifua kikuu. Kwa miaka mitatu alikusanya picha zaidi ya elfu mbili. Programu yake ikawa inapatia mara tisini na nne kwa mia, profesa wake akafurahi, na siku ya kutetea tasnifu ikapangwa. Zilibaki wiki saba.

Ndipo Papa Bénit, mlinzi wetu wa lango, alipopigwa picha ya kifua baada ya zamu yake, saa nane na nusu mchana. Programu ikasema ni mgonjwa. Papa Bénit hakohoi, na sauti yake ya kufukuza mbuzi inasikika hadi ziwani. Maabara nayo haikuona kitu. Kesho yake asubuhi Mama Générose alimpiga picha nyingine, na programu ikasema ni mzima. Kifua kilikuwa kilekile.

Akafungua daftari lake, kwenye safu za saa na hali ya umeme. Hapa lazima niungame, mimi Arlette ninayeandika haya, kwa sababu ratiba ya wagonjwa ni yangu. Tangu zamani niliwaweka watoto na wajawazito asubuhi, na wanaokohoa mchana, ili wasikae benchi moja. Nilijiona mwerevu. Kumbe kila siku saa nane mchana wenzetu wa upasuaji walikuwa wakiwasha tanuri la kuchemshia vyombo vyao, umeme wa chumba chetu ukishuka, na picha zikitoka na chengachenga. Wenye kifua kikuu karibu wote walipigwa picha saa hiyo; programu ilikuwa imejifunza chengachenga, si ugonjwa.

"Mutoto wangu," Mama Générose alimwambia Pontien, "hii programu yako haisome mapafu. Ni saa njo inasoma."

Pontien aliketi kwenye benchi ya wagonjwa. Ufadhili wake wa masomo ulikuwa unakaribia kwisha, na kule Lubumbashi hakuna ambaye angegundua kosa hilo. Alimwomba Mama wangoje kwanza atetee tasnifu, kisha atarekebisha. Mama hakumgombeza. Alimuuliza tu: "Na Papa Bénit mwingine atameza dawa miezi sita juu ya nini?"

Siku hiyohiyo Pontien alimwandikia profesa wake. Utetezi uliahirishwa kwa miezi kumi na minne, na picha zikaanza kukusanywa upya, moja baada ya nyingine. Sisi wengine tulimpa pole, Mama Générose akampa Jumamosi zake zote. Alikwenda mwenyewe kwa watu wa upasuaji, na tanuri likahamishiwa jioni. Ratiba yangu aliipangua mbele ya macho yangu, akawatengea wanaokohoa benchi yao wenyewe asubuhi, nje penye hewa. Nilikubali kwa shingo upande. Hata ile droo ya mikebuka alimfungulia Pontien, jambo ambalo mimi sijalipata kwa miaka kumi na tisa.

Mwishowe programu ilipatia mara themanini na moja kwa mia. Namba ilikuwa imeshuka, lakini safari hii ilikuwa ya kweli.

Mwaka jana walisafiri pamoja hadi Lubumbashi kwa utetezi, nami nikawasindikiza. Majaji walipouliza nani aligundua kosa la picha za mchana, Pontien alimwonyesha mama wa kitenge cha buluu, safu ya pili. Kisha majaji wakatoka kushauriana. Waliporudi, Pontien alisimama wima, mabega juu, macho yamemtoka. Kutoka safu ya pili ikasikika sauti ambayo kila mgonjwa wa Kalemie anaijua, ile inayomwachilia mtu aliyebana pumzi mbele ya mashine: "Pumua sasa, mwanangu." Ukumbi wote ulicheka, majaji wakiwemo, na Pontien akatangazwa daktari huku akifuta machozi. Mimi pia nililia, na sioni aibu kuandika.

Mama Générose, chumba kitakuwa kikubwa mno bila wewe, na naiogopa Jumatatu ya kwanza. Asante kwa kila kifua ulichokitazama kama cha ndugu yako. Kirungu ikupokee kwa baridi yake, maharage yake na wajukuu, na afya isikuache. Tumesimama wote mbele yako leo, na kazi yako imetoka safi. Pumua sasa, mama yetu.