Mestre Abdulcarimo na Ujenzi Mkavu

Baada ya miaka ishirini na saba ya kazi, ukiondoa ule wakati wa vita tulipokimbilia mjini Pemba sote, Mestre Abdulcarimo Saide, msimamizi wa mafundi wetu hapa Palma, anastaafu tarehe 31 Oktoba. Alianza kwa kubeba zege. Anamaliza kwa kutubeba sisi, na hatukuwa wepesi.

Wengi tutamkumbuka kwa kituo cha afya cha Nhica do Rovuma. Kazi ilikuwa imechelewa vibaya. Bosi wetu, Dona Laila, alishatueleza waziwazi kwamba mvua zikikuta jengo halina paa, mkataba unakwenda na sote tunarudi nyumbani kukaa. Akamleta mhandisi Jerónimo kutoka Pemba atufundishe kujenga bila upotevu, njia ambayo kwa Kireno huitwa construção enxuta. Mestre alichelewa kwenye mafunzo, akawahi jina tu. Na enxuta, kwa tunavyolijua neno hilo, ni nguo iliyokwisha kukauka kambani.

Basi akatangaza kuwa kuanzia kesho tunajenga kikavu. Saruji ikapandishwa juu ya mbao. Mchanga ukasogezwa chini ya turubai, karibu kabisa na pipa, maji yasije yakamwagika njiani. Makoleo yakafutwa maji na kutundikwa mahali pamoja. Lile lundo la saruji tulilozoea kukoroga asubuhi, likaganda adhuhuri na kutupwa, akalipiga marufuku: kila fundi akoroge ya kumtosha, kibichi kisilale chini. Akataka na chakula kiwe kikavu. Hapo Mama Rachida, mpishi wetu, akamjibu kuwa yeye hajengi, anapika. Mchuzi ukabaki.

Jerónimo aliporudi, alikuta hakuna kinachotupwa, hakuna anayezurura akitafuta koleo, na paa liko juu. Akampongeza mestre kwa kuyashika mafunzo. Mestre akakiri kuwa palipomshinda ni kwenye mchuzi tu.

Ilibidi mestre aelezwe kuwa enxuta ya mafunzo ni kutopoteza kitu, si ukavu. Wakati anaelezwa, mvua ikashuka, ile ya kweli. Mestre akaingia chumba kimoja hadi kingine akipapasa sakafu kwa kiganja, kisha akauliza kama hii si enxuta, basi ni nini. Tulicheka mpaka machozi, na mengine hayakuwa ya kicheko, maana ajira zetu zilikuwa zimepona.

Ahsante sana, mestre wetu. Mungu akupe afya na mapumziko marefu. Nyumba yako isivuje, na mchuzi wako usikauke kamwe.