Sensa ya Pili Ilikufa Ilipopata Joto

Wapendwa waombolezaji, kwa niaba ya familia, mdogo wa marehemu anawasomea maisha ya kaka yake, kama alivyoagiza mwenyewe, bila kuruka mstari.

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Fundi Sumaku, alizaliwa tarehe 3 Mei 1961, mtoto wa pili kati ya watano wa mshona viatu na mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, kisha shule ya ufundi hadi 1979, na mama yao alizoea kusema kwamba mwanawe amefungua redio zote za mtaa, akazifunga nusu.

Mwaka 1980 aliajiriwa kusuka koili, yaani nyaya za ndani ya mota, katika kiwanda cha pampu, akadumu miaka ishirini na tisa, hadi kiwanda kilipofungwa, ndipo akafungua karakana barazani kwake, akitengeneza mota za baiskeli za umeme, na kazi yake ikasifiwa kote.

Alifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1987, wakajaliwa watoto watatu, wa kwanza binti, aliyesambaza mikate kwa baiskeli ya umeme ya magurudumu matatu.

Mapema Mei 2017 binti huyo alimlalamikia baba yake kwamba baiskeli, ikishapanda mlima na mzigo, inashtuka na kukata nguvu, naye akainua gurudumu, akalizungusha kwa mkono, akapima nyaya za zile sensa tatu ndogo zinazoiambia mota sumaku zake ziko wapi, akaona kila waya unapanda volti tano na kushuka sifuri inavyotakiwa, akamwambia, wateja wakicheka, "Mota nzima, mama, kinachoshtuka ni moyo wako." Jumatano tarehe 17 Mei baiskeli ilikata nguvu katikati ya reli, na treni ikashindwa kusimama kwa wakati.

Katika msiba ule, mdogo wake huyu huyu alisoma mbele yenu kwamba binti alivuka kwa pupa, kwa kuwa ndivyo ilivyosemwa, na marehemu, aliyekaa mstari wa mbele, hakuinua kichwa. Alikuwa ameshajua. Usiku wa kuamkia mazishi aliipuliza mota ile kwa mashine ya binti ya kukaushia nywele, na baada ya dakika sita waya wa sensa ya pili ukaganda kwenye volti tano, gurudumu likizunguka bure, ulipopoa ukafanya kazi tena. Yeye alikuwa ameipima ikiwa baridi.

Tangu hapo hakurudisha mota kwa mteja kabla ya kuipasha moto, mkamtania kwamba amegeuka mpishi, naye hakucheka.

Juni 2022 alipatwa na kiharusi, mkono wa kulia ukafa, na kuanzia hapo alimsihi mkewe aandike haya. Mara mbili mama huyu alichana karatasi, akimwuliza, "Umeshamzika, sasa unataka kumfukua?" Mara ya tatu mama huyo aliandika mwenyewe, mpaka mwisho. Marehemu alifariki Jumapili tarehe 4 Februari 2024, saa tano asubuhi, akiacha mjane, watoto wawili na wajukuu watatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliomgeuza kitandani kwa zamu, na mafundi wenzake mliofunga karakana zenu leo. Tena inawaomba jambo moja, neno pupa lifutwe, binti alisema kweli na baba yake alikosea.

Pumzika kwa amani, kaka, ubavuni mwa binti yako.