Mshahara wa Kukaa Nyumbani

Benchi letu linatazama lango la kiwanda cha sabuni, na tangu Jumatatu lango hilo linajifungua lenyewe. Aliyelifungua kwa mikono miaka kumi na tisa, tunamwita Geti, sasa anakaa nasi, sare kaivaa vilevile. Kiwanda kimemwambia achague: aweke sahihi alipwe nusu mshahara maisha yake yote akae nyumbani, au ahamie stoo akabebe maboksi. Fomu irudi kabla ya saa sita. Sasa ni saa tano na robo, naye kaja kutafuta ushauri kwa watu wasio na kazi. Nami nimo: shahada mbili za uchumi, na kibarua cha kusahihisha tafsiri za mashine iliyoninyang'anya kazi ya kutafsiri.

Waziri, dereva asiye na gari, ndiye aliyeanza.

— Weka sahihi, mzee! Huo ndio uhuru. Miaka kumi ijayo hafanyi kazi mtu. Serikali zote zitalipa watu wapumzike.

— Wewe umeshaanza kupumzika, malipo tu ndiyo hayajafika, alisema Betri, fundi simu, akipuliza kahawa yake.

— Mimi niko kwenye majaribio, bwana!

— Nisikilizeni mimi, akaendelea Betri. Mashine nazo zitachoka. Zitadai likizo, zitaunda chama, zitagoma. Hapo ataitwa nani? Geti! Kwa mshahara mara tatu.

— Lango ligome? akauliza Geti.

— Lina kompyuta ndani. Kitu chenye akili lazima kichoke.

— Ndiyo maana wewe huchoki, Waziri akamjibu.

Geti akanigeukia.

— Dada msomi, wewe wasemaje?

Nikakohoa kidogo, kama tulivyofundishwa. Nikasema kwamba binadamu akishatenganishwa na ulazima wa kuzalisha, hupata fursa ya kujiumba upya.

— Yaani niweke sahihi, au nisiweke?

— Inategemea, nikasema. Ilinichukua miaka sita kujifunza neno hilo.

Ndipo mke wa Geti akatokea, utepe wa kupimia shingoni. Ni fundi cherehani, anashonea humo humo kwenye chumba chao kimoja.

— Karibu, shemeji! Waziri akamkaribisha. Tunamshauri mzee.

— Asanteni, sikai, nimeacha mteja. Baba, nina swali moja tu. Hiyo asubuhi, ukishakunywa chai yako, utakaa wapi?

Betri akapuliza kikombe kitupu. Mimi nikazitafuta shahada zangu zote mbili, sikuona kitu.

— Sikufukuzi, mama alisema, sauti imeshuka. Nauliza ili nijue kama niisogeze cherehani.

Miaka kumi na tisa Geti alikuwa akitoka hakujapambazuka, akirudi nguo zimeshakunjwa na cherehani iko chini ya kitanda. Alichukua kalamu, akaituliza juu ya goti.

— Kwani mchana, aliuliza taratibu, huwa unaiweka upande gani?