Mama Nabasa, Aliyekataa Kutia Sahihi

Tarehe 30 Juni, Mama Ketura Nabasa, fundi mkuu wa maabara yetu ya Kasese, anastaafu baada ya miaka ishirini na sita ya kazi. Wale waliosema mashine yake ingeondoka pamoja naye tunawaomba wasome mpaka mwisho.

Ni binti wa mchimba shaba aliyehamia huku kutoka Ntungamo. Alianza kwa kutengeneza mizani na hadubini za shule. Mwaka 2011 ikaletwa mashine ambayo mimi, Hakim, dereva wenu, sikuweza hata kuitamka: hadubini inayopima nguvu za sumaku za elektroni na za viini vya atomi. Alinielewesha hivi. Kila elektroni, na viini vingi pia, vina usumaku mdogo uitwao spini. Unabandika kisumaku kwenye ncha ya kijiti chembamba kuliko unywele, unakisogeza karibu na kitu unachokipima, unapiga mawimbi ya redio. Spini zikigeuka, kijiti kinatikisika kidogo sana, na mwanga wa leza unakiona. Elektroni ni ngumu kuisikia. Kiini ni dhaifu mara mamia zaidi.

Kazi yangu ilikuwa kuleta heliamu ya kimiminika ya kuipooza mashine, kutoka Entebbe bila kuimwaga njiani. Kazi yake ilikuwa kubandika kile kisumaku, na alikishika kwa kope aliyoing'oa kwenye jicho lake mwenyewe. Wageni walicheka. Walipovunja vijiti vitatu kwa vibano vyao vya kisasa, wakamwomba awaonyeshe.

Wakati huo tulikuwa Bwera, kando ya barabara ya mpakani. Mwezi wa nne ishara ya elektroni ikatokea. Mkurugenzi wa wakati ule akatangaza, mbuzi akachinjwa, na mimi nilikula paja zima, sikatai. Mama Nabasa hakula. Alikuwa amepanga karatasi zote mezani na kuona kwamba ishara inakuja Jumanne na Ijumaa tu. Akaniuliza siku hizo barabarani kuna nini. Nikacheka: si ndizo siku za soko, malori yamepanga foleni mpaka mlangoni petu! Akasema, "Basi hii iko lori tu, inatikisa kijiti. Elektroni hajui soko." Akakataa kutia sahihi kwenye ripoti.

Lo, moto uliwaka! Aliambiwa anaaibisha wilaya nzima, akatishiwa uhamisho. Kesho yake akaja kazini na begi la nguo, akalisukuma chini ya meza, akawaambia wakiwa tayari wamwite, yeye keshafungasha. Hakuna aliyemwita. Ripoti ikaondolewa, tukachekwa mpaka kwenye stendi ya boda boda, na mimi nilimnunia mwezi mzima.

Kisha akaanza kudai handaki la zamani la mgodi juu ya Kasese, alikochimba baba yake, kwa kuwa ndani ya mwamba hakuna malori. Wakubwa wa mji mkuu wakamjibu kwamba handaki si maabara. Aliwaandikia barua kumi na moja. Ya kumi na mbili aliipeleka mwenyewe, akakaa siku mbili kwenye benchi lao akifuma kitambaa mpaka wakakubali. Tukahama, na begi likahama nasi, likarudi chini ya meza. Mwaka wa pili elektroni ikasikika siku yoyote ya wiki. Ukibadilisha masafa ya redio inapotea, ukiyarudisha inarudi. Hapo ndipo alipotia sahihi. Miaka mitano baadaye vikafuata viini vya haidrojeni.

Mwaka huu ikaja barua kutoka mji mkuu. Nabasa akistaafu, mashine ing'olewe ipelekwe kwingine, maana Kasese hakuna mwingine anayeiweza. Hakuna mwingine! Na Munirah, ambaye Mama Nabasa amemfundisha kwa miaka sita, alikuwa amesimama palepale ikisomwa. Mama Nabasa akawaalika wakaguzi waje waone kwa macho yao, na siku akaichagua yeye: Ijumaa.

Tangu Jumatatu Munirah aling'oa kope yake, akabandika kisumaku na kuipooza mashine peke yake. Ijumaa Mama Nabasa hakuingia handakini. Aliketi nje nami akimenya karanga. Ndani, Munirah akapiga mawimbi na mstari wa ishara kwenye skrini ukapanda. Mkaguzi mkuu akaomba masafa yabadilishwe, ukalala. Akaomba yarudishwe; ukapanda. Alirudia mara saba, na malori ya soko yakipita kule chini. Jioni akaandika kwamba mashine inabaki Kasese, mikononi mwa Munirah.

Mama Nabasa, asante kwa kutukatalia. Maisha yako ya mbele yawe na afya, na usingizi mpaka jua lichomoze. Begi lako bado liko chini ya meza, limejaa vumbi. Waliotaka ulibebe kwa amri wameshaondoka wote. Wewe unalibeba kwa hiari yako, na mashine nyuma yako inafanya kazi. Nitakufikisha nyumbani mimi mwenyewe, polepole, kama nilivyokuwa nikibeba heliamu.