Gobelini ya Mama Yake Tirtsa

Benchi lililo nje ya kibanda cha kahawa, kwenye ngazi za mtaa wa Hadar mjini Haifa, Israeli, lina wenyewe. Saa tatu asubuhi anafika Filimbi, aliyefundisha mazoezi ya viungo mpaka magoti yakamgomea. Kisha Bukareshti, ambaye kwake kila kitu kizuri kimetoka Romania. Mwisho wa benchi, penye kivuli, hukaa Iancu, waliyempachika jina la Fremu kwa sababu alitengeneza fremu za picha miaka thelathini na moja. Ijumaa moja, wakiwa na kahawa ya pili mkononi, alikuja Tirtsa amekumbatia kitu kilichofungwa kwa shuka.

Mama yake, Sabina, alikuwa amezikwa mwezi uliopita. Nyumba ilitakiwa kuachwa tupu, na mtu wa mitumba angekuja saa sita kubeba kila kitu. Hiki kimoja alitaka kwanza ajue ni mali au ni takataka.

Akafungua shuka. Ilikuwa gobelini: mzee mwenye ndevu akisoma kitabu kitakatifu kwa mwanga wa mshumaa, picha nzima imejazwa mishono midogo ya sufu.

Filimbi alisema mara moja kwamba hiyo ni ya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, na mahali pake ni makumbusho. Bukareshti akamsahihisha: huyo mzee ni rabi mmoja wa mji wa Iași, anamtambua kwa pua yake, na ule mwanga wa mshumaa umeshonwa kwa nyuzi za dhahabu. Filimbi hakukubali kuzidiwa. Akadai chini ya sufu kuna picha nyingine, ya mchoraji mkubwa, iliyofunikwa ili ipite mpakani.

Iancu aliwaacha wamalize. Gobelini za mzee huyo alikuwa amezitia fremu mamia. Turubai zake ziliuzwa madukani zikiwa zimeshachapwa picha, mtu anajaza sufu tu, na Hadar nzima ilikuwa naye ukutani.

— Binti, nikwambie kweli au nikwambie matamu?

— Kweli, mzee Iancu. Matamu nimeyasikia ya kutosha msibani.

— Shekeli mia. Na sabini kati ya hizo ni za fremu.

Tirtsa akaitikia kwa kichwa na kuanza kuvuta shuka. Iancu akamzuia. Kazi ya sindano huwezi kuithamini kwa mbele tu, akasema, na alikuwa bado hajaiona nyuma. Akaigeuza. Misumari aliitambua: midogo, imepigwa mshazari. Ilikuwa yake mwenyewe. Akachana karatasi ya nyuma kwa kisu cha mfukoni.

Huko rangi zilikuwa bado kali, kana kwamba sufu imetoka dukani jana. Nusu ya juu, kila ncha ya uzi ilikuwa imefichwa chini ya mishono. Nusu ya chini ilikuwa mafundo matupu, nyuzi zinaruka huku na huku.

— Mama yako alikuwa akifunga mafundo?

— Mama? Hata kifungo cha nguo alikuwa akikishona huoni uzi ulipoishia.

— Basi hapa kuna mikono ya watu wawili.

Akaazima koleo kwa mwenye kibanda, akang'oa misumari ya upande wa chini. Ukingo wa turubai uliokuwa umekunjwa ndani ukafunguka. Palikuwa na majina mawili kwa herufi za Kiebrania, Sabina na Perla, na mwaka: 1951, wakati wahamiaji wapya walikuwa bado wanaishi kwenye mahema.

Iancu akaunyoosha ukingo kwa kidole gumba. Alikumbuka mwanamke mwembamba aliyesimama mbele ya meza yake akiomba fremu kubwa, naye, kijana mwenye haraka, akimjibu kwamba iliyopo tayari ni ndogo kidogo na huo ukingo hauna kitu cha maana. Yule mwanamke hakubisha.

— Ni mimi niliyeyakunja, akasema. Alitaka yaonekane. Mimi nikaona kutengeneza fremu nyingine ni kazi bure.

Tirtsa hakumlaumu. Alikuwa ameinama, kidole chake juu ya jina la pili.

— Perla ni nani?

Filimbi akamgeukia Bukareshti. Bukareshti, anayejua nani alimwoa nani tangu Iași mpaka Haifa, alikiri kwamba jina hilo halijui. Akasema kesho, baada ya sala ya Sabato, atawauliza kina mama wazee, ingawa waliokumbuka mahema wamebaki wachache.

Saa sita yule mtu wa mitumba akapiga simu. Tirtsa akamwambia abebe makabati, vitanda na vyombo. Kuna picha moja, akasema, hiyo haiuzwi.

Iancu akatoa futi ya chuma mfukoni, akailaza turubai magotini, na kuipima upya kutoka ukingo hadi ukingo, safari hii majina yakiwemo.