Felistus Abbo, Aliyepigana Asitusahau

Marehemu Mama Felistus Abbo alizaliwa tarehe 14 Agosti 1948 kijijini Mella, wilaya ya Tororo, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Obbo na Mama Auma.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la sita, mwaka 1961. Mama yake alifariki mwaka huo, na wadogo zake wakahitaji mtu wa kuwapikia.

Mwaka 1969 alifunga ndoa na marehemu Phillip Ochwo, mfanyakazi wa kiwanda cha saruji mjini Tororo. Walijaliwa watoto watano. Watatu walitangulia, wamelala hapa kando ya kaburi hili jipya.

Kwa zaidi ya miaka thelathini aliuza mukene, dagaa wa ziwani, sokoni Malaba. Hakumsalimu mteja bila kumtaja mzazi wake: "Mwana wa Otai, karibu!" Wengine walinunua dagaa ili tu wasikie wazazi wao wakitajwa.

Mwaka 2021 alipotea katikati ya malori ya Malaba, mahali alipopajua kama kiganja chake. Daktari alisema ni ugonjwa wa kusahau, na hauna tiba.

"Kufa si kitu," alimwambia mwanawe Oboth. "Lakini nisife mimi mgeni kwa watoto yangu."

Oboth, anayefanya kazi Busia upande wa Kenya, alimletea simu yenye kioo kikubwa, akatia humo picha za jamaa na sauti zao. Mama alitazama sura, akataja jina, kisha akabonyeza picha na sauti ya mwenyewe ikamjibu. Alijizoeza kila asubuhi kabla ya uji.

"Hii simu ni mwalimu," alitania, "ila haina kiboko."

Tukaamini tumeshinda. Kumbe alichojifunza ni picha. Kufikia mwaka 2024 alitaja kila sura iliyokuwa simuni bila kukosea, lakini Tracy, bintiye aliyemwogesha na kumlisha, mama alimwita "dada" na kumshukuru kama mtu wa kuajiriwa. Siku moja Tracy alitoka nje akampigia mama simu, na picha yake ikatokea kiooni.

"Tracy, mwanangu! Unakuja lini? Huku iko dada moja nanilisha. Mikono yake mzuri kama yako. Mletee sabuni."

"Nitamletea, mama," Tracy alijibu, amesimama nyuma ya dirisha.

Tangu hapo Tracy alimlisha akiwa mgeni, kisha akatoka nje kuwa binti.

Nimonia ilimlaza mwezi Februari. Alasiri ya tarehe 3 Machi 2025, nyumbani, pumzi zilikuwa zimepungua, na Tracy alikuwa amemshika mkono.

"Dada," mama alisema, "niitie Tracy."

Ili aitike ilimbidi auachie ule mkono. Aliuachia, akatoka, akapiga.

"Mama, ni mimi."

"Ee, Tracy. Nimekusikia."

Hakusema tena. Tracy aliporudi ndani, simu ilikuwa bado sikioni pa mama.

Ameacha watoto wawili, Oboth na Tracy, wajukuu saba na kitukuu mmoja.

Mungu asiyesahau uso wa mtu amlaze Mama Felistus kwa amani.