Hodi kwa Damaris

Kwenye basi la Lusail, huku ughaibuni tunakofanya kazi, nilijifanya nimelala, kwa sababu watu hawanong'oni mbele ya bibi anayekoroma. Walinzi wawili walikuwa kiti cha mbele yangu.

Wesley, Mkenya, alikuwa akienda likizo kesho na mkewe hajui. "Nitaingia na mlango wa jikoni, polepole, nimshtue Damaris."

"Damaris yule mwenye bastola?" akauliza Faraji, kijana wa kwetu Tanga.

"Ndiyo, ako na leseni. Wezi walipovamia duka lake, alienda akafunzwa vizuri."

"Na tangu hapo amerudi kulenga shabaha?"

"Arudi kufanya nini? Hiyo ni kama baiskeli, bro. Ukishajua umejua."

"Baiskeli ukiisahau unaanguka wewe, kaka. Bastola anaanguka mwenzio. Mkono usio na mazoezi ukishtuka unafyatua kwanza, macho yanatazama baadaye. Mpigie simu."

"Nikipiga, nitajuaje kama bado anafurahi kuniona?"

Hapo nilisahau kukoroma.

"Basi piga hodi mlangoni," Faraji akasema, sasa kwa upole.

"Hodi? Sauti yangu anaijua ya kwenye simu tu, bro. Ataitambua?"

Basi likasimama, wakashuka. Wesley alibaki kituoni ameishika simu, kidole juu ya jina la mkewe, hapigi wala harudishi mfukoni.

Nilitaka kumwambia apige. Mimi nikirudi Tanga naweza kuingia kwangu hata kwa dirisha. Mle ndani hamna wa kunipiga risasi.